Debe la Bibi Balbina

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto wa jiko, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Bibi Balbina wa kijiji cha Mofu. Tumemzika Jumanne. Alikuwa na miaka themanini na moja.

Siku nilipokwenda kumsalimia alinitazama juu mpaka chini. "Kumbe ndiye wewe? Mwanangu, bora ubaki hukohuko redioni." Nilicheka mpaka shikamoo ikanitoka kichwani.

Sasa sikilizeni. Miaka mitatu iliyopita Bibi alikuwa akiamia ndege kwenye mpunga wa mwanaye, Gasper. Anakaa juu ya dungu, kile kijukwaa cha miti, anagonga debe, ndege wanaruka. Mpunga ukavunwa. Ndege wakahama. Watu wakarudi kijijini.

Debe likaendelea kulia.

Saa saba mchana, jua la utosi, shamba tupu. Ko, ko, ko. Kimya. Ko.

"Mzimu huo," watu wakasema. "Shamba limevunwa, anaamia nini?" Wakaanza kupita njia ya mbali. Naye Gasper akiulizwa anajibu, "Mama yuko Mahenge kwa ndugu zake."

Narudia: debe linalia, watu wanalikimbia.

Edna, mtoto wa mdogo wake Bibi, akaenda kwa Gasper kuomba chumvi. Nyuma ya mlango akaona fimbo.

"Kaka, mama mkubwa kaenda Mahenge bila fimbo? Hata chooni haendi bila fimbo hii!"

"Umekuja kuomba chumvi au kukagua nyumba?"

Edna akaiacha chumvi. Akashika njia ya shamba, anasali kwa sauti. Kufika, dungu halina ngazi. Ngazi imelazwa kule kwenye mabua. Juu, mkono mwembamba unagonga debe.

Siku tisa, wasikilizaji. Siku tisa Bibi alikuwa juu. Gasper alikuwa anampandishia viporo na kidumu cha maji kwa kamba, anaondoka. Alikuwa amechoka kumtunza.

"Mama mkubwa aliniuliza swali moja tu," Edna ananiambia. "'Mlikuwa mnanisikia?' Nikaenda kuichukua ngazi."

Edna akamwita mwenyekiti wa kijiji na afisa ustawi wa jamii. Gasper akapelekwa polisi. Bibi akahamia kwa Edna, akala, akanenepa, akatutania miaka mitatu.

Jumanne, tunatoka makaburini Mofu, saa saba mchana. Ko, ko, ko. Kimya. Ko.

Tukatazamana. Edna akavua viatu, akaongoza. Dungu lilikuwa tupu. Debe linaning'inia, bado linayumba, na upepo hakuna. Lakini safari hii hakuna aliyelikimbia. Nilihesabu: tulikuwa watu kumi na saba chini ya dungu lile.

Pole sana, Edna. Poleni ukoo wote. Bibi apumzike kwa amani.

Na wewe unayenisikiliza, yule mzee wa jirani unayeambiwa kasafiri, umemwona lini kwa macho yako? Nazima kinasa sauti. Nenda kapige hodi.