Somo Kitale, Somo Bungoma

Wewe uliyejifanya unaangalia mahindi nje ya dirisha la matatu, ulisikia. Nasike, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alimwambia mama mmoja aliyepandia Kiminini na kikapu chake cha nyanya kwamba chuo kimempangia masomo mawili saa ileile Jumatatu: moja Kitale, lingine Bungoma. Akikosa lolote, hafanyi mtihani.

"Si ujigawe, msichana wangu," mama akamtania. "Kichwa kiende Bungoma, miguu ibaki Kitale."

"Wanasema hiyo ratiba ni ya muda tu, mama."

"Ati ya muda? Kifungua mimba wangu aliambiwa hivyo, na saa hii ako na watoto."

Nami, abiria mwenzenu, nawakumbuka walioambiwa hivyo wakafungiwa nje ya mtihani. Gari likasimama langoni mwa chuo, Nasike akashuka peke yake. Shuka sasa, twende naye ofisini wairekebishe hiyo ratiba.