Elisée wa Kabazana, Aliyeandika Moduli Mbili

Wapendwa katika Bwana, ninasimama kwa niaba ya familia, mimi Jocelyne, dada yake mukubwa, na kwa kuwa shule yangu ilikomea darasa la sita, munivumilie nikisoma polepole.

Elisée alizaliwa tarehe 14 Machi 1991 kule Lusenda, Kivu ya Kusini, akasoma hukohuko mpaka vita ilipotufukuza, tukafika hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tarehe 2 Agosti 2012, na kuanzia 2015 hadi 2017 akajifunza kompyuta Mbarara. Tarehe 8 Desemba 2018 alifunga ndoa na Madeleine, Mungu akawajalia binti mumoja, Sonia.

Alifanya kazi katika kituo cha kompyuta cha Kabazana, mutaa wetu hapa kambini, ambako mashine kuukuu hazikutambua kifaa cha intaneti, naye mwaka 2021 akaziandikia moduli mbili, yaani vipande vya programu vinavyoingizwa katika kiini cha mfumo mashine ikiwa inawaka, ya kwanza ikitangaza majina ya kazi zake, ya pili ikiyaita, na jina lisipopatikana kiini kinaikataa hiyo ya pili. Majina yote aliyaanza kwa Elisée, na pale kituoni zinafanya kazi hadi leo.

Ninaungama: Novemba 2023, yeye akiwa amelazwa kwa ugonjwa wa figo, ni mimi niliyemupa Joël, mwenzake wa kazi, yule pale karibu na nguzo ya hema, moduli zile, kwa sababu aliniita mama wa kituo na nikapenda sifa. Ya kwanza aliipata na maandishi yake, yale ambayo mutu anaweza kuyasoma na kuyabadilisha, akafuta Elisée, akaweka Joël, akatangaza mujini kwamba yule mugonjwa alijua kubadilisha soketi tu. Ya pili aliipata ikiwa imefungwa, hairekebishiki, ikaendelea kumuita Elisée, na tarehe 20 Januari 2024, mbele ya wageni katika duka alilofungua Mbarara, kiini kikaikataa, na ukutani alikowamulikia wageni, fasi ya picha, kukatokea maneno kwamba jina la Elisée halijulikani. Nilicheka mingi, Mungu anisamehe.

Joël alikuja hospitalini mara mbili kuomba maandishi ya ile ya pili, hakuuliza hata hali ya mugonjwa. Elisée alifariki tarehe 3 Juni 2025, na jana kwenye matanga Joël akaniomba tena, akisema marehemu hataihitaji.

Tunawashukuru madaktari wa Mbarara, majirani wa Kabazana waliochota maji, na wafanyakazi wenzake, isipokuwa mumoja. Joël, diski yenye maandishi unayoyatafuta niliiweka leo asubuhi chini ya kichwa chake, sanduku limekwisha pigiwa misumari, na ruhusa ya muchungaji sikuiomba.

Pumzika kwa amani, mudogo wangu, mimi amani yangu nitaiomba kwa Bwana siku nyingine.