Barafu ya Bi. Hester Nyuma ya Kioo

Mheshimiwa Meya; Mkurugenzi wa Makumbusho, Dokta Lorraine Pacheco; wajumbe wa bodi mliochangia kabati hili la kioo; ndugu wageni waalikwa; na wewe, Bi. Hester Quimby, ambaye itifaki imekuketisha safu ya pili, nyuma ya waliochangia kabati: nawasalimu nyote.

Nimeombwa niseme machache juu ya kampuni ya Taa na Kamba, iliyotunga michezo ya kompyuta hapa kando ya Mto Charles, enzi zile kompyuta ilipokuwa na ukubwa wa sanduku la nguo na akili ya kuku. Kwa mliozaliwa baadaye, michezo yetu haikuwa na picha hata moja. Skrini ilikuambia: uko mbele ya pango, pana taa, pana kamba. Wewe ukaandika: chukua taa. Mashine ikajibu: umeichukua. Basi. Na watu wazima wenye shahada walichelewa kazini kwa ajili hiyo.

Mimi ni Endel Raudsepp. Nilitoka Estonia mtoto, nikakulia katika kambi ya wakimbizi Ujerumani, nikaletwa huku bila kuulizwa. Katika kampuni nilikuwa na kazi moja, nayo ni kuandika majibu ya kukataa. Mchezaji akitaka lisilowezekana, sharti mashine imkatalie, na sharti asikasirike. Siku ya usaili, mwanzilishi wetu, marehemu Mort Zelnick, aliniuliza nina ujuzi gani. Nikamwambia nimekataliwa na makarani wa mataifa kadhaa, wengine kwa ukatili, wengine kwa adabu, na tofauti yake naikumbuka vizuri. Akasema, "Bwana wee, anza kesho."

Tulikuwa na desturi mbili, na msipozielewa hizo hamtaelewa kwa nini tulifika mbali, wala kwa nini hatukufika.

Ya kwanza ilikuwa hii: mchezo si mchezo mpaka mgeni aucheze. Tulimtafuta mtu asiyeujua kabisa, tukamketisha, na mtunzi akasimama nyuma yake bila kufungua mdomo. Haruhusiwi kusaidia, haruhusiwi kuguna, haruhusiwi hata kukohoa kwa maana. Namkumbuka mleta barua wetu, Dominic, akiucheza mchezo wa kwanza wa Bi. Hester. Mchezoni kulikuwa na mbuzi darajani. Bi. Hester alikuwa ameandaa njia ya kumlisha mbuzi, ya kumfunga, na ya kumtisha. Dominic akaandika: mbusu mbuzi.

Mashine ikasema haielewi.

"Dada, hii mashine yako bubu!" Dominic akapiga kelele.

"Si bubu, ina heshima zake," akajibu Bi. Concetta, karani wetu wa mapokezi, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano zake za kufuma. "Wewe mkeo anajua unabusu mbuzi?"

"Mke wangu ndiye aliyenizoesha!"

Sote tulicheka, isipokuwa Bi. Hester. Yeye alikuwa ameuma skafu yake ya kijani asije akasema neno. Kesho yake mchezo ulikuwa na jibu jipya, nami najivunia kuwa ni kazi ya mkono wangu: "Mbuzi ameona haya, lakini hajakataa." Dominic alirudi kuliona. Alilisoma kwa sauti, akageuka kumtazama Bi. Hester, na mama yule akawa mwekundu kama mtu aliyeposwa. Nauliza, ndugu wageni: ni mtunzi gani wa vitabu aliyewahi kumwona msomaji wake akifungua ukurasa? Sisi tulikuwa nayo bahati hiyo, na tuliilipia kwa kunyamaza.

Desturi ya pili ilikuwa ya ngazi. Ofisi yetu ilikuwa juu ya duka la dobi, na ngazi zake Mort aliziacha gizani kwa makusudi. Chini, kwenye msumari, alitundika tochi. Aliyeichukua alipanda vizuri, akakuta mlango wazi na donati mezani. Asiyeichukua alikuta mlango umefungwa, na nyuma yake sauti ya Bi. Concetta ikimwambia kuna giza totoro, arudi akachukue alichokiona. Wateja waliipenda sana. Mwenye nyumba aliichukia, lakini yeye alikuwa na ufunguo wake.

Sasa niwapeleke kwenye majira yale ya baridi ambapo maduka yalianza kutaka picha. Michezo yetu ilikuwa inarudi madukani kama watoto waliofukuzwa shule. Akajitokeza Bwana Rusk, tajiri wa California, aliyekuwa tayari kutununua tulivyo, maneno yetu na mbuzi wetu. Bi. Hester alikuwa ndiyo kwanza amemaliza mchezo wake mkubwa, "Pande la Mwisho". Ndani yake wewe ni mchuuzi wa barafu wa zamani. Umekata pande bwawani, nawe unatakiwa ulifikishe kwa mgonjwa ng'ambo ya mji, na kwa kila neno unaloandika linayeyuka kidogo. Mgeni wa kuujaribu alikwishaalikwa. Tulichosubiri ni saini ya Bwana Rusk.

Akaja. Hakuitazama tochi. Tulimsikia akijigonga, akitaja majina matakatifu, mpaka akafika juu.

"Fungueni! Ni Rusk!"

"Kuna giza totoro," akasema Bi. Concetta. "Rudi ukachukue ulichokiona."

"Mama, mimi nimetoka California!"

"Pole, mwanangu. Kumbe na huko kuna giza?"

Mort alikuwa amesimama hatua mbili kutoka mlangoni, mkono kinywani. Nilimnong'oneza, "Mort, mwambie." Akatikisa kichwa. Machoni mwake mlikuwa na ile furaha ya mtunzi anayejua kwamba mchezaji amekaribia, amekaribia kabisa, na akisaidiwa sasa utamu wote utaharibika. "Atagundua," akaninong'oneza. "Mtu mwenye akili kama yule? Mwache, atagundua."

Bwana Rusk aligundua. Aligundua mlango wa nje, na baadaye akagundua kampuni nyingine, yenye picha.

Wengi wameandika kwamba Taa na Kamba iliuawa na picha. Waungwana, tusizionee picha. Kampuni nyingine zilikufa kwa ulafi, nyingine kwa ugomvi wa ndugu. Sisi peke yetu tulikufa kwa kukataa kumharibia mtu fumbo. Ofisi ilifungwa kabla yule mgeni aliyealikwa hajafika, na "Pande la Mwisho" halijachezwa na mgeni yeyote mpaka mchana huu. Kwa sheria yetu wenyewe, basi, bado si mchezo. Bi. Hester amezeeka akiwa mtunzi wa kitu ambacho hakijawa.

Na leo tumekuja kukifungua chumba hiki. Mafundi wa makumbusho wameifufua mashine, wameupakia mchezo, mstari wa kwanza unaonekana pale kwenye skrini, na mbele yake wameweka kioo kinene chenye maandishi: Tafadhali Usiguse. Mbele ya kazi ya watu waliotumia ujana wao wote kuwafundisha wenzao waguse kila kitu!

Nilimwomba Dokta Pacheco afungue. Akanijibu, "Mzee wangu, ombi lako ni zuri mno, ndiyo maana naogopa kulikubali." Nakiri nililionea wivu jibu hilo, ningelifurahia kuliandika mimi. Lakini Dokta, mama yangu alitunza ufunguo wa nyumba yetu ya Tartu, kule Estonia, mpaka alipofariki. Uling'aa sana, kwa sababu haukuwa na kazi. Ufunguo ulio shingoni mwako una kazi, na mlango wake uko hatua chache kutoka ulipokaa.

Mheshimiwa Meya, pale mlangoni umeniambia kwa unyenyekevu kwamba hujawahi kucheza mchezo wowote wa kompyuta. Hujui nimefurahi kiasi gani. Kwa miaka yote hii tulikuwa tunakusubiri wewe.

Naona Dokta anasimama. Naona mnyororo unatoka shingoni. Asante, Dokta, hata masikio yangu haya ya uzee yamelisikia kufuli.

Mheshimiwa, karibu kiti. Uko kando ya bwawa lililoganda, pande la barafu liko miguuni pako, na jua linachomoza. Usiniulize ufanye nini. Usimgeukie Dokta wala mlinzi wako. Bi. Hester, tafadhali njoo usimame nyuma yake. Nimekuletea skafu, si ile ya kijani, lakini nayo unaweza kuiuma.

Ndugu zangu, asanteni kwa kunisikiliza. Sasa, kwa heshima ya mtunzi, hata atakachoandika Meya kiwe cha ajabu namna gani, naomba pasiwepo atakayekohoa.