Shamba la Nani Lina Mnyauko?

Benchi iko mbele ya duka la dawa za mimea pale Kibirichia, na wazee wa hapo hukaa kubishana mpaka kahawa iishe. Riungu wanamwita Wakili kwa kuwa aliwahi kuwa shahidi kortini, kesi ikashindwa. Elphas ni Hali ya Hewa. Akisema mvua inakuja, anika nguo zako. Siku hiyo Kiunga, muuza mbegu za viazi, au waru kama wanavyoviita hapo, alikuja na jambo lililomnyima usingizi. Bintiye Gatwiri alisomea biolojia ya kompyuta. Kikundi chao cha watafiti wa Meru na Embu kilitaka viazi vyenye ugonjwa wa mnyauko kutoka mashamba kumi ya Kibirichia, na kuyapata hayo mashamba ilikuwa kazi ya Gatwiri. Akikosa kufikia Ijumaa, nafasi anapewa mwingine. Mpaka sasa hakuwa na hata moja.

— Kompyuta itaona aje mdudu wa waru? akauliza Hali ya Hewa.

— Inalinganisha wa shamba hili na wa lile, Kiunga akasema. Shamba moja haisaidii.

— Hapo ndio nashtuka! akasema Wakili. Wakijua shamba yako ni gonjwa, wanaambia benki ikunyime mkopo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa hivyo funika!

— Benki ni kitu kidogo, akasema Hali ya Hewa. Hao watu wa Embu watapanda waru yetu ndani ya kompyuta, mvua ihame iwafuate. Nimeshaona mawingu ikienda Kianjokoma, huko kwao.

— Kwani yako iko na mnyauko? Wakili akamuuliza.

— Yangu? Safi kama kanisa!

— Hata yangu, akasema Wakili.

 Kiunga mwenyewe alikuwa akiamka mapema kung'oa mimea iliyonyauka kabla majirani hawajapita, na alikuwa amemwambia Gatwiri kuwa shamba ni zima. Nani angenunua mbegu kwake tena? 

Mara mama mmoja akashuka kwenye bodaboda na gunia tupu mkononi.

— Hamjambo wazee. Mimi ni Wambeti, natoka Kianjokoma. Waru yangu yote imekufa na mnyauko. Natafuta mbegu hapa tangu asubuhi, na kila mtu ananiambia shamba yake ni safi. Sasa mbona hakuna mtu ako na mbegu?

Wakili akatazama kikombe. Hali ya Hewa akatazama mbingu. Kiunga akatoa simu.

— Gatwiri, andika jina langu. Ii, nilikudanganya, mwanangu. Kuja kesho na hao wenzako wa Embu, mchukue waru yangu yote iliyonyauka.

Alipokata simu, Wakili alikohoa.

— Hebu mpigie tena, akasema polepole. Uliza kama gari yao inaweza kufika mpaka kwangu.