Meno ya Rangi ya Siagi: Maisha ya Etelka Kozári (1958–2024)

"Bibi, mbona watu wanaingia kwako na meno ya kahawia wanatoka nayo meupe kama sahani, halafu wewe mwenyewe meno yako yana rangi ya siagi?"

Swali hilo liliulizwa mezani, nyumbani kwake mtaa wa Balfi hapa Sopron, Jumapili moja ya mwaka 2014. Aliyeuliza ni mjukuu wake, Boróka, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba na pengo mbele la meno mawili. Mama yake Boróka aliangusha kijiko. Marehemu hakukasirika hata kidogo. Alicheka mpaka hayo meno yenyewe yakaonekana yote, kisha akasema, "We mtoto, kula maharage yako. Yako yakishaota yote, nikumbushe."

Boróka ndiye aliyeombwa na familia aandike karatasi hii mliyoishika. Anaomba radhi kwa kuanza na meno kabla ya kuzaliwa, lakini ninyi mliomjua marehemu mnajua kwamba yeye pia angeanza hapo hapo.

Etelka alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika nyumba ile ile ya mtaa wa Balfi, mtoto wa tatu na binti pekee wa Mihály Tarnai na mkewe Ágota. Baba yake alilima zabibu, na katikati ya mistari ya zabibu akapanda maharage, kama mtaa mzima ulivyofanya. Alibatizwa katika Kanisa letu la Kilutheri tarehe 6 Aprili mwaka huo. Alikuwa akisimulia kwamba utotoni hakuhitaji kalenda, kwani alitazama meno ya baba yake. Yakiwa ya zambarau, ni Novemba, mvinyo mpya umefunguliwa. Yakianza kupauka, Pasaka iko karibu.

Alisoma shule ya msingi hapa mjini kuanzia 1964 hadi 1972, kisha akaenda Győr katika shule ya uuguzi, akahitimu Juni 1976 kama msaidizi wa daktari wa meno. Kaka zake walisema alirudi na vitu viwili: cheti, na tabia mbaya ya kutazama midomo ya watu kabla ya kutazama macho yao.

Tarehe 1 Septemba 1976 aliajiriwa katika kliniki ya meno ya serikali ya hapa mjini. Chini ya kliniki hiyo, kwenye ghorofa ya ardhini, kulikuwa na karakana ya meno bandia, na humo alifanya kazi kijana mkimya aliyenuka nta, Dénes Kozári. Walifunga ndoa tarehe 16 Mei 1981. Mtoto wao wa pekee, Piroska, alizaliwa tarehe 2 Novemba 1983. Kila Piroska alipouliza walianzaje kupendana, mama yake alijibu kwa ufupi tu, "Alinitengenezea kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu kidogo."

Piroska alikua akiamini ni kidani, na kwamba kilipotea. Tafadhali likumbukeni jambo hili.

Dénes alifariki tarehe 9 Februari 2003 kwa ugonjwa wa mapafu, kwa sababu ya vumbi la karakana. Mwaka uliofuata, kliniki binafsi alikokuwa amehamia marehemu ilianza kung'arisha meno, akapelekwa Budapest kusomea kazi hiyo. Kwa miaka ishirini waliomjia walitoka hapa mjini na ng'ambo ya mpaka, Eisenstadt, Graz, Vienna. Wengi walikuja wakitaka meno ya kwenye matangazo. Yeye aliwawekea mdomoni kile kipimo chake chenye meno ya mfano kumi na sita, kutoka jeupe hadi la kahawia, akawaonyesha kwenye kioo. Kama fizi zilikuwa zinavuja damu, aliwarudisha nyumbani. Kama kahawia ilikuwa ni ugaga tu, aliwasafisha na kuwaambia waende zao, hawakuhitaji dawa. Na aliowapaka dawa aliwapa sheria moja: siku mbili, kula vitu vyeupe tu. Wali, jibini laini, kuku asiye na paprika, ile pilipili nyekundu ya unga. Mvinyo mwekundu, marufuku.

Sheria hiyo, kwa watu wa Sopron, ni kama kumwambia mtu asipumue. Bwana Barnabás, muuza nyama wetu, yupo hapa leo na ameruhusu hadithi yake isimuliwe. Aling'arishwa meno Ijumaa moja ya Septemba 2009, akaoa kesho yake. Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwa marehemu, mkono mdomoni, bibi harusi nyuma yake.

"Bi Etelka, nilikunywa kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo cha harusini."

"Na mchuzi wa samaki, umwambie!" bibi harusi akadakia. "Bakuli tatu, paprika inaelea juu! Picha zinaanza ana meno meupe, zinaishia ana meno mekundu. Watu watadhani nimeolewa na wanaume wawili!"

"Basi una bahati, mwanangu," marehemu akasema huku akivaa glavu. "Wengine tulipewa mmoja tu. Haya, wewe, kaa kitini. Leo nasafisha tu. Dawa tutarudia fizi zikipoa."

Sasa kuna jambo ambalo watu wa kliniki wanalijua na wengine hamlijui. Machi 2015 mmiliki mpya, Dokta Vilmos Szilvási, aliamua kuweka bango kubwa kwenye barabara ya kwenda mpakani, na juu yake uso wa marehemu ukitabasamu. Alimtaka ayang'arishe meno yake kwanza. Marehemu akakataa. Dokta alidhani anatania.

"Bi Etelka, nusu saa tu. Nakufanyia mwenyewe."

"Asante, Dokta. Hapana."

"Wateja watasema nini wakikuona?"

"Watasema wanataka yao yawe meupe. Yangu hawajaja kuyanunua."

Dokta hakucheka. Alimpa mpaka Ijumaa: ama meno meupe, ama aache nafasi kwa mtu mwenye meno meupe. Marehemu alikuwa na miaka hamsini na saba, mjane, na kazi hiyo ndiyo ilikuwa maisha yake. Angeweza kumweleza sababu. Badala yake, Alhamisi alianza kutia vitu vyake kwenye kikapu: kikombe, kandambili, picha ya Dénes. Alikuja mwalimu mstaafu kutoka Eisenstadt, Bi Hedwig, akakiona kikapu, akauliza, kisha akaingia ofisini kwa Dokta bila kubisha hodi. Mlango ulibaki wazi, kwa hiyo kila mtu alisikia.

"Mwanamke huyu amenirudisha nyumbani mara tatu bila dawa! Mara tatu! Unafikiri ninapanda treni kuja kutazama meno yake? Ninakuja kwa sababu haniongopei!"

Ijumaa ikafika, ikapita. Dokta Szilvási ameomba yeye mwenyewe iandikwe hapa kwamba aliomba msamaha. Bango liliwekwa Aprili, na mikono ile miwili yenye glavu iliyoshika kioo, ambayo mmeipita kwa miaka tisa, ni ya marehemu. Uso haupo.

Kuhusu ugonjwa, familia haina la kuandika. Marehemu hakuugua. Alikuwa amestaafu kwenye karatasi tu, alipanda ngazi zake mwenyewe, na wiki iliyotangulia alibeba gunia la viazi huku akimgombeza jirani aliyetaka kumsaidia. Ndiyo maana kifo chake kilituacha sote midomo wazi, na bado hatujaifunga.

Jumamosi, tarehe 16 Novemba, alikula chakula cha mchana na familia. Boróka, sasa akiwa na miaka kumi na saba na akijiandaa kwa dansi ya kuvishwa utepe wa mwaka wa mwisho wa shule, hakuweza kunywa supu. Tangu Septemba alikuwa akimsihi bibi yake amng'arishe meno kwa ajili ya siku hiyo, na kila mara alijibiwa kwamba aliye chini ya miaka kumi na nane hafanyiwi, hata akiwa mjukuu. Basi akaagiza unga wa kung'arisha meno kwa posta, kutoka asikojua, akauchanganya na limau na kuuacha mdomoni saa nzima.

"Fungua mdomo," marehemu akasema.

"Sina kitu, Bibi."

"Fungua, nisikuombe mara ya pili."

Fizi zilikuwa zimebabuka, nyeupe kama nyama iliyochemshwa. Marehemu hakupiga kelele. Aliinuka, akachukua funguo za kliniki, akamshika mjukuu wake mkono barabarani kama mtoto wa chekechea. Alimwosha mdomo, akampaka dawa ya kutuliza. Na pale kitini, kwa maumivu na aibu, Boróka akasema neno ambalo angetoa chochote kulirudisha: "Wenzangu wote watang'aa kwenye picha, mimi peke yangu nitakuwa na meno mabaya kama yako!"

Marehemu akazima taa ya chumba, akawasha ile taa ndogo ya zambarau, inayotumika kutafuta meno bandia kabla ya kupaka dawa, kwa sababu dawa inabadilisha jino la kuzaliwa nalo lakini kauri haiigusi. Akajimulika mdomoni, akatabasamu.

Meno yake yote yaliwaka kama theluji. Moja halikuwaka. Jino la mbele, la juu, upande wa kushoto, lilikuwa jeusi, kama dirisha la nyumba isiyo na mtu.

"Bibi! Jino lako!"

"La babu yako hilo," akasema.

Februari 1980 marehemu aliteleza kwenye ngazi za karakana na kulivunja la kwake. Dénes alimtengenezea lingine. Alilitengeneza mara tatu. Kila siku saa sita alimwita dirishani, kwa sababu alisema taa inadanganya na jua halidanganyi, akaliweka kando ya mengine na kutikisa kichwa. Mwishoni alilichora ufa mwembamba na kulitia umanjano karibu na ufizi. "Mbona unalichafua?" Etelka akamuuliza. "Jirani yake ana ufa," Dénes akajibu. "Likiwa zuri kuliko mengine, kila mtu atajua si lako." Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizokuwa amemwambia mpaka siku hiyo.

Piroska, bintiye, ameishi na tabasamu hilo miaka arobaini na moja. Alipoambiwa, alikaa chini sakafuni. Kidani hakikupotea kamwe.

Jumatatu, tarehe 18 Novemba 2024, saa tano na dakika kumi asubuhi, kati ya mteja mmoja na mwingine, moyo wa marehemu ulisimama. Alikuwa ameketi, kipimo cha rangi mkononi. Dokta Szilvási alijitahidi naye mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Aliishi miaka sitini na sita, miezi minane na siku nne. Kikombe chake cha chai kilikutwa kingali cha moto, na hilo ndilo lisilomtoka Boróka akilini.

Ameacha binti yake Piroska na mkwewe Gergő. Mjukuu wake Boróka. Kaka yake Lőrinc wa mtaa wa Balfi. Wifi yake Vilma wa Győr. Na wateja, ambao hatuwezi kuwataja kwa majina, lakini tunawatambua hapa kwa namna wanavyojitahidi kutotabasamu. Analazwa leo, tarehe 30 Novemba, kando ya Dénes. Mungu awape wote wawili utulivu, na asimuulize Etelka kuhusu maharage ya baba yake, maana hatamaliza kusimulia.

Limebaki swali la mwaka 2014. Pale kliniki, taa ya zambarau ikiwa bado mkononi mwake, mjukuu alimkumbusha: meno yote yameshaota, Bibi. Basi marehemu akazima taa, akafungua pazia, na jino lile likarudi kufanana na wenzake, huwezi kulitofautisha. Akajibu:

"Babu yako alikaa wiki tatu akilifanya lifanane na mimi. Nami nimekaa miaka arobaini na minne bila dawa, nifanane nalo."