Mama Hortense Ngoie na Vikombe Vyake vya Plastiki

Dada yetu mkubwa, Hortense Ngoie, alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 katika nyumba za kampuni, Shituru, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi wa tanuru. Mimi ninayesoma wasifu huu, Lambert, ni mdogo wake wa mwisho. Alisoma kwa masista mpaka darasa la tano. Hesabu alizipenda, ila kushona kulimshinda: kitambaa cha mtihani alikishona pamoja na sketi aliyoivaa, ikabidi sista alete mkasi.

Tarehe 7 Agosti 1965 aliolewa na Nicolas, mfanyakazi wa reli, mtu mpole, ila akishalewa ngumi hazikuwa mbali. Mwaka 1992, mishahara ilipokatika na kila mtu ana hasira, Nicolas alipigana mara mbili na rafiki yake Évariste. Mara zote mbili, kesho yake walikula bukari, ugali wetu, sahani moja. Mara ya tatu, Jumamosi tarehe 12 Septemba, waligombea kiti kwenye baa, na Évariste akampiga kwa chupa. Nicolas alikufa kabla ya kufika hospitali.

Baada ya miezi miwili Hortense alikwenda gereza la Buluo kumwuliza Évariste kwa nini. Alimjibu: "Mama, kasirani ilikuwa ile ile ya siku zote. Lakini ile siku chupa ilikuwa tayari mu mukono."

Jibu hilo lilimkaa kichwani. Mwaka 1993 alifungua kilabu uani kwake, akauza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na bia. Chupa zilibaki jikoni, bia ilinywewa kwenye vikombe vya plastiki, na wachimbaji waliacha piki zao, yaani sululu, ndani ya sanduku mlangoni. Wateja walilalamika: "Minye si mutoto, unipatie chupa yangu!" Naye: "Kama kopo inakupiga, utalala, kesho utaamuka." Kanisani walimsema kwamba anavumilia ngumi, na ni kweli alizivumilia. Watu walipigana kwake kama kwingine, pua zikavunjika. Lakini kwa miaka mitano hakufa mtu.

Sasa niseme langu. Mwaka 1995 Urbain, jirani yetu, aliniita mwizi mbele ya kilabu kizima. Nilitoka kuchukua piki yangu, na sikuwa na mzaha. Dada, ambaye sisi wadogo tulimwita Yaya, alikuwa amekalia sanduku.

"Yaya, simama, unipatie piki!"

"Piki iko ya kuchimba. Rudia mule, mupigane na mikono."

Nilimtukana, na aibu hiyo ninayo mpaka leo. Kisha nikarudi ndani, nikamng'oa Urbain meno mawili. Naye alinifumba jicho wiki nzima.

Kisukari kilimshika Hortense mwaka 1996. Kidonda cha mguu hakikupona, na dawa zilikuwa adimu. Hata kitandani aliuliza kama sanduku limefungwa. Alifariki nyumbani tarehe 3 Juni 1998, akiwa na miaka 52.

Ameacha mabinti wawili, Orpa na Sephora, wajukuu wanne, na mimi. Familia imekubali Urbain naye atajwe hapa. Atabeba jeneza upande wa mbele, bega kwa bega nami. Bila sanduku lile, yeye angesomewa wasifu wake mwaka 1995, nami ningekuwa Buluo pamoja na Évariste.

Yaya, Mungu akulaze pema. Sisi wawili tuliamka.