Ng'ombe wa Kibaoni

Kijiweni Kikatiti, kando ya lami ya kwenda Moshi, watu wana kahawa na midomo, basi. Jioni hiyo benchi lilikuwa na Breki, dereva mstaafu wa malori. Profesa, ambaye chuo alikiona kwa nje tu. Na Gadiel, fundi cherehani, aliyenuna. Binti yake Anande aligongwa na gari akivuka kwenda shule. Mguu umepona juzi, kesho anarudi darasani. Mbele yao kilisimama kibao cha kutu chenye picha ya ng'ombe. Mnada wa mifugo ulishahama miaka mingi, ng'ombe kaachwa. Na madereva wanamheshimu huyo! Trafiki hupenda kusimama hapo na tochi ya kupima mwendo, kwa hiyo kila gari linanyata. Likishampita tu, moto! Na hapo mbele ndipo wanapovukia watoto wa shule mpya, isiyo na kibao chochote.

— Yule si ng'ombe, alianza Profesa. Ni nyati. Mkoloni alimweka enzi nyati wakishuka kutoka Meru.

— Nyati gani hana pembe? alidakia Breki.

— Zimeliwa na kutu.

— Acha fiksi! Mimi nimepita hapa na semi, wewe bado unanyonya. Ni ng'ombe wa mnada.

— Sasa mbona hawamng'oi?

— Watalii wanampiga picha. Ukimng'oa umeua utalii.

— Wapi! Yule kasajiliwa, alisema Profesa. Siku hizi ng'ombe anavishwa hereni, ana namba serikalini. Ukimgusa, unatafutwa mpaka Namanga. Mtoto ana hereni?

Breki akacheka. Gadiel akaweka kikombe chini, kahawa ikamwagika.

— Dereva aliyemgonga Anande unajua aliniambia nini? "Mzee, mbona pale kwa ng'ombe nilipunguza?" Aliniambia hivyo kama anajisifu! Mwanangu angekuwa ndama, asingegongwa.

— Pole, Baba Anande, alisema Profesa. Tulikuwa tunachangamsha kijiwe tu.

— Changamsheni kwa watoto wenu.

Breki akajikuna kidevu.

— Mimi naona tumng'oe huyu ng'ombe, tukamchimbie pale shuleni. Trafiki na tochi yao watamfuata.

— Tukikamatwa? aliuliza Profesa.

— Tutasema alikuwa anatafuta malisho.

Hapo akaja mama mmoja, Nosim, aliyehamia karibuni kutoka Oldonyo Sambu, kashika sare mpya ya shule iliyokunjwa.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Samahani, mimi ni mgeni hapa. Mwanangu anaanza shule kesho. Nimwambie avukie wapi?

Profesa akatazama viatu vyake. Breki akanywa kikombe kisicho na kitu. Mama akamgeukia Gadiel, naye akaanza kufuta kahawa iliyomwagika. Asubuhi ile Anande alikuwa amemuuliza hivyo hivyo, na yeye akajifanya anatafuta uzi.